Franco na OK Jazz: orkestra ya kweli ilikuwa ipi?

Mahali popote wazee wa rumba wanakusanyika, Kinshasa ao Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi, kuna mabishano ambayo hayaishi. Mumoja anasema OK Jazz ya kweli ilikwisha siku Vicky Longomba aliondoka. Mwingine anamucheka: kwake yeye, mbele Verckys hajaingia na saksofoni yake hakukuwa kitu. Wa tatu anawaambia wote wawili kama hawajui muziki, kwani OK Jazz ni Simaro na Sam Mangwana, ni mwaka wa 1974, basi. Na kijana wa siku za Mario, ambaye leo ana miaka 60, yeye anajua tu sauti ya Madilu. Bia inakwisha, mabishano yanabaki.

Kitu cha kushangaza ni kwamba wote wanagombana juu ya watu waliopita njia, na mule ndani mutu mumoja tu hakuondoka hata siku moja. François Luambo Makiadi, Franco, aliingia katika orkestra hii akiwa na miaka 17, na alikufa akiwa kiongozi wake, miaka 33 kiisha. Kwa kufuata maisha yake njo tunaweza kuelewa namna gani orkestra inapoteza waimbaji wake karibu wote na inabaki na jina lile lile. Na pia kwa sababu gani, yeye alipokufa, haikudumu.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 Sona-Bata, katika Bas-Congo. Baba yake, Joseph Emongo, alikuwa Mutetela na alifanya kazi ya reli. Mama yake, Hélène Mbonga Makiese, alikuwa Mukongo. Familia ilihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na mwaka wa 1949 baba akafariki. Hapo masomo yakaisha. Mama aliuza mikate ya kukaanga kwenye soko la Ngiri-Ngiri, na mutoto alikaa karibu na meza na gitari ya kopo na nyuzi, ambayo alitengeneza yeye mwenyewe, akipiga ili wapita njia wasimame. Wengi wanasimulia jambo hili kama hadithi ya umaskini tu. Lakini yalikuwa pia masomo, na masomo makali: mutoto anayepiga gitari sokoni anajua upesi kama wimbo haukamati watu, kwa sababu mikate ya mama inabaki kwenye sahani.

Gitari ya kweli aliishika kwanza kwa Paul Ebengo, ambaye watu walimuita Dewayon. Dewayon alikuwa amemupita miaka kidogo na alimufundisha vidole vinakaa wapi. Wakaunda kikundi kidogo, Watam. Mwaka wa 1953, Franco akiwa na miaka 15, akaingia katika studio Loningisa ya Mugiriki Basile Papadimitriou. Pale alikuwepo Henri Bowane, mupigaji mukubwa wa wakati ule, na ni yeye alifupisha François kuwa Franco. Jina likakaa.

Mule studio kijana huyu akajenga namna yake ya kupiga. Hakutumia kidude cha kukwaruza nyuzi. Alipiga kwa vidole vitupu, nyuzi mbili kwa mara moja, sauti nzito na kavu kidogo. Kwa upande mwingine wa muji kulikuwa African Jazz ya Grand Kallé, na gitari ya Docteur Nico, safi kama maji. Wapenzi wa rumba mpaka leo wanagawanyika katika makanisa haya mawili: shule ya African Jazz na wana wake, na shule ya OK Jazz ambayo waliita Odemba. Kwa kweli Nico alikuwa fundi kuliko Franco, na hata wafuasi wa Franco wanaikubali wakiwa peke yao. Lakini Franco alikuwa na jambo lingine. Kwake gitari haikusindikiza wimbo, ilikuwa inausukuma. Sauti za waimbaji zikinyamaza na sebene ikianza, mutu aliyekaa anasimama bila kuamua.

OK Jazz ilizaliwa mwaka wa 1956, na siku inayokumbukwa ni tarehe 6 Juni. Wanamuziki wa Loningisa walikuwa wakipiga katika bar ya Oscar Kashama, na herufi O na K zilitoka kwa jina la mwenye bar. Kulikuwa Vicky Longomba na Philippe Lando Rossignol kwa sauti, Jean Serge Essous kwa saksofoni na klarineti, Roitelet, De La Lune, Dessoin, Pandi. Franco alikuwa mudogo wao. Tusisahau hilo: siku ya kwanza hakuwa mukubwa wa orkestra. Essous na Vicky walikuwa juu yake.

Na mwaka haukuisha vizuri, watu wakaanza kutoka. Studio ingine ya Mugiriki, Esengo, ilikuja na pesa, na Rossignol, Essous na Pandi wakaenda kuunda Rock-a-Mambo. Huo ni mulango wa kwanza. Wa pili ulikuja mwaka wa 1959. Wengi katika OK Jazz walikuwa watoto wa Brazzaville, na kiisha machafuko ya Januari 1959 mule Léopoldville, maisha ya wageni kutoka ng'ambo ya muto yakawa magumu. Edo Ganga, Célestin Kouka, De La Lune na wenzao wakavuka, na mwezi wa nane wakaanzisha Bantous de la Capitale pamoja na Essous. Orkestra kubwa kabisa ya Brazzaville ilitoka, mutu anaweza kusema, katika tumbo la OK Jazz.

Mwaka wa 1960 ikawa zamu ya Vicky. Kallé alikuwa anaenda Bruxelles pamoja na wanasiasa wa Meza ya Mviringo, na African Jazz haikuwa kamili, basi akamuchukua Vicky na Brazzos kutoka OK Jazz. Kwa hiyo, katika wimbo wa uhuru ambao Afrika yote iliucheza, kuna watu wawili wa Franco. Franco mwenyewe alibaki nyumbani. Vicky aliporudi hakurudi moja kwa moja. Alianzisha kwanza Négro Succès, kiisha ndipo akakuja tena OK Jazz.

Hapa njo tunaona tabia ya Franco ambayo wapenzi hawaisemi sana. Alikuwa mutu wa hasira, alijua kutukana kwa wimbo, lakini mulango wa kurudi hakuufunga kwa kufuli. Vicky alirudi. Youlou Mabiala aliondoka, akarudi, akaondoka tena kuunda Kamikaze. Sam Mangwana alirudi studio naye hata kwenye mwisho kabisa. Viongozi wengi wa orkestra wanaona aliyetoka kama adui wa milele. Franco alikuwa anagombana naye katika diski, kiisha anangojea.

Na wakati alingojea, alijaza pengo. Mwaka wa 1961 alimuingiza Lutumba Simaro, kijana mupole wa gitari ya kusindikiza, ambaye hakuna aliyemujali sana siku zile. Kulikuwa Isaac Musekiwa, mupigaji wa saksofoni aliyezaliwa Rhodesia na kupita kwetu Elisabethville mbele ya kufika Léopoldville. Kulikuwa Mujos na Kwamy kwa sauti. Mwaka wa 1963 akaingia kijana Kiamuangana Mateta, yaani Verckys, na saksofoni yake iliyolia kama mutu anayeitwa barabarani. Kwa wengi, OK Jazz ya 1963 mpaka 1968 ni ile nzuri kuliko zote: Vicky juu, Franco katikati, Verckys pembeni akichoma. Masikio yanawapa haki. Diski za miaka ile ni fupi, wimbo unagawanywa upande A na upande B, na hakuna dakika hata moja iliyopotea.

Lakini ndani ya nyumba moto ulikuwa unawaka. Kwamy na Mujos walitoka na kuunda Orchestre Révolution, na pande mbili zikaanza kurushiana nyimbo za matusi, na muji wote ukacheka. Ya Verckys ilikuwa mbaya zaidi. Franco akiwa safarini Ulaya, Verckys aliingiza wanamuziki wa OK Jazz studio kwa siri na akarekodi nyimbo kwa jina lake. Mwaka wa 1969 akaondoka, akaunda Vévé, na kiisha akawa mutajiri wa studio na diski, bosi wa vijana wengi. Washabiki wa Verckys wanasema alifanya vile kwa sababu aliyepiga hakuwa anapata sehemu yake. Washabiki wa Franco wanasema ni wizi. Inawezekana pande zote mbili zina ukweli. Orkestra ilikuwa ya pamoja kwa jina, lakini vyombo, mikataba na diski vilikuwa katika mukono wa Franco, na mwanamuziki aliyetunga wimbo mukubwa aliona jina la mwenye nyumba limeandikwa kubwa kuliko lake.

Siasa pia haikumuacha. Tarehe 2 Juni 1966 utawala wa Mobutu uliwanyonga wanasiasa wane mbele ya watu wote mule Kinshasa. Franco alitoa wimbo wa Kikongo juu ya mulozi, na kila mutu alielewa mulozi ni nani. Wimbo ukakatazwa, yeye akavukia Brazzaville mpaka mambo yapoe. Kiisha miaka, mutu huyu huyu akaimba sifa za Mobutu, na mwaka wa 1984 akamutolea diski nzima ya uchaguzi ambao hakukuwa mugombea mwingine. Wamoja wanaita hiyo hekima ya kuishi, wengine wanaita njaa. Jina halibadilishi kitu.

Mwaka wa 1970 ulimuvunja. Mudogo wake Bavon Marie Marie, mupigaji wa gitari na nyota wa Négro Succès, orkestra ile ile Vicky aliianzisha, alikufa kwa ajali ya gari mwezi wa nane. Watu walisema maneno mengi mabaya juu ya kifo kile, na Franco akaweka gitari chini kwa muda. Mwaka ule ule Vicky akaondoka kwa mara ya mwisho. Mutu wa miaka 32, bila ndugu yake, bila mwimbaji wake, bila saksofoni yake. Kama OK Jazz ingekuwa orkestra kama zingine, ingekufa pale.

Haikufa. Tena pale njo ilianza kuwa kubwa, na ndani ya miaka ile wakaongeza jina Tout Puissant, TPOK Jazz. Franco aliacha kutafuta mutu mumoja wa kuchukua nafasi ya Vicky. Akachukua waimbaji wengi, kila mumoja na kazi yake, kama kocha wa mupira mwenye benchi ndefu. Mwaka wa 1972 akamutoa Sam Mangwana katika orkestra ya Tabu Ley Rochereau, na Kinshasa ikapiga kelele kana kwamba mchezaji wa Vita Club amevaa jezi ya Daring. Josky Kiambukuta aliingia 1973, Wuta Mayi 1974, Ndombe Opetum akatoka Afrisa 1975, Ntesa Dalienst 1976. Gitari nazo zikaongezeka: solo, mi-solo, ya kusindikiza, na besi. Wimbo ukawa murefu, dakika 8, dakika 10.

Na yule Simaro mupole, aliyekaa nyuma miaka kumi na zaidi, akaonyesha kama alikuwa mushairi. Mwaka wa 1974 alimupa Sam Mangwana wimbo Mabele, juu ya udongo na kifo. Hakuna hata mutu mumoja anayebisha ubora wake, hata wale wa Vicky. Hapa pia kuna swali ambalo wapenzi wanapaswa kujiuliza: Mabele ni ya Franco? Alitunga Simaro, aliimba Sam. Lakini bila nyumba ya Franco, yenye mishahara, vyombo, na kabare yake Un-Deux-Trois pale Matonge, Simaro angeingoja miaka kumi na mitatu wapi?

Ilikuwa wakati huo pia OK Jazz iliingia katika nyumba za Afrika Mashariki. AZDA, ya 1973, ilikuwa tangazo la duka la kuuza magari ya Volkswagen. Watu wa Nairobi na Dar es Salaam ambao hawakuelewa Lingala waliicheza miaka na miaka. Mwenye kuuza gari alipata zaidi ya alicholipa.

Mwaka wa 1976 orkestra ilitoa diski za miaka 20, mwaka wa 1981 zile za robo karne, volimu ine. Wenye mashini za zamani wanazitunza katika nilo na hawaazimi mutu. Kati ya hizo mbili kuna gereza. Mwaka wa 1978 Franco alitoa nyimbo mbili chafu, chafu kweli, zilizozunguka kwa kaseti. Procureur général Kengo wa Dondo akamupeleka mahakamani, na Franco akafungwa pamoja na baadhi ya wanamuziki wake. Medali zake zikaondolewa. Kiisha alipewa zingine, na jina la Grand Maître juu yake. Nchi ilikuwa vile.

Katika miaka ya 1980 orkestra ikawa na watu wengi sana hata ikagawanyika sehemu mbili: moja na Franco Ulaya, ingine ikibaki Kinshasa na Simaro. Mwaka wa 1983 Franco na Tabu Ley, maadui wa miaka yote, wakatoa diski pamoja, Omona Wapi, na mashabiki wa kambi mbili wakabaki bila cha kusema kwa wiki kadhaa. Mwaka wa 1984, wakati mukubwa yuko mbali, Simaro akatoa Maya kwa jina lake mwenyewe, akiimba Carlyto Lassa, na Maya ikafunika karibu kila kitu. Jambo la Verckys lilikuwa linajirudia, lakini safari hii hakuna aliyetoka. Pengine Franco alikuwa amezeeka kidogo. Pengine alikuwa ameelewa.

Madilu alikuwa mule tangu 1980, bila kusikika. Wimbo Mamou wa 1984 ulimufungulia, na mwaka wa 1985 ukaja Mario: kijana mwenye diploma anayekula pesa za mwanamuke mwenye kumupita umri. Franco anasema zaidi ya kuimba, kama mujomba anayegomba barazani, na Madilu anajibu kwa sauti ya maziwa. Wapenzi wa zamani walisema huo si muziki tena, ni kelele za familia. Kumbe ni hapo walikosea: yule mutoto wa soko la Ngiri-Ngiri alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya kwanza, kusimamisha wapita njia. Diski iliuzwa pande zote za Afrika.

Mwaka wa 1987 alitoa wimbo murefu wa kuonya watu juu ya SIDA, kwa Kifaransa na Lingala, wakati wakubwa wengi wa Afrika hawakutaka hata kutaja neno. Mwili wake mukubwa ulikuwa umeanza kupungua. Watu walisema yao. Ugonjwa wake haukutangazwa. Mwaka wa 1989 akarekodi tena na Sam Mangwana, na mwezi wa tisa, Amsterdam, akapanda jukwaani kwa mara ya mwisho. Tarehe 12 Oktoba 1989 akafariki kwenye kliniki ya Mont-Godinne, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Zaire iliingia katika matanga ya siku ine, redio ya taifa ikipiga nyimbo zake tu, na akazikwa katika makaburi ya Gombe.

Waimbaji wote wakubwa wa wakati ule walikuwa wangali hai. Josky alikuwepo, Ndombe alikuwepo, Madilu alikuwepo, Simaro alikuwepo na vitabu vyake vya nyimbo. Kwa karatasi, hiyo ilikuwa OK Jazz tajiri kuliko ile ya 1956. Wakaendelea miaka ine. Lakini Franco hakuacha mupango wa nani anamiliki nini, na maneno yakaanza kati ya wanamuziki na jamaa ya marehemu juu ya kugawanya pesa. Yeye akiwa hai, ugomvi wa namna hiyo ulikwisha kwa wimbo ao kwa bahasha. Sasa hakukuwa mutu wa kuimba wala wa kulipa. Mwisho wa mwaka wa 1993 wakaachana. Vyombo na jina vikabaki upande wa jamaa. Simaro, Josky na Ndombe wakaunda orkestra mupya, Bana OK, maana yake watoto wa OK. Simaro, mukubwa wa watoto hao, alikuwa na miaka 55. Alizaliwa mwezi wa tatu 1938, mbele ya Franco mwenyewe.